Simu Iliyolazwa Kifudifudi

Kiti wekeni pembeni. Mkisahau mengine yote nitakayowaambia leo, hilo msilisahau. Ukikaa upande wa polisi, mtu wetu anakuona polisi. Ukikaa upande wa mtu wetu, polisi anakuona umeshapewa kitu kidogo. Unakaa kwenye pembe ya meza, hapo wote wawili wakigeuka wanaona sikio lako tu. Mimi nimekaa kwenye pembe za meza miaka mingi, Mbarara na Isingiro, mpaka sikio langu la kushoto likaanza kunidanganya, nikasema basi. Sasa niko hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, na mahindi yangu na kuku wanaoniibia mbegu, na nyinyi mnakuja na vyeti vyenu vya lugha nne nne mnaniuliza, Mama Faida, siri ya ukalimani ni nini.

Siri hakuna. Kuna kula kabla hujaenda, maana polisi hawana saa ya chakula. Kuna kutokunywa chai nyingi, maana ukimwacha mtu katikati ya sentensi ukakimbilia chooni, ukirudi sentensi imeshageuka nyingine. Na kuna hili neno "mimi".

Mtu akisema nimeiba, na wewe unasema nimeiba. Husemi "huyu anasema ameiba". Mzee Anakleti ndiye aliyenifundisha hivyo, katekista wa Kirundi aliyefanya kazi hii kabla yangu, mtu mrefu, mkali, koti moja mwaka mzima. Alisema ukiingiza "anasema, anasema" unajiweka wewe mbele ya mtu, na wewe hakuna aliyekuita. Mwezi wangu wa kwanza wakaleta kijana wa kesi ya mbuzi kule Masha. Nikasema kwa sauti nzuri, "Ndiyo afande, mbuzi nilimchukua mimi, nilikuwa na njaa." Askari mmoja mgeni alikuwa ameingia tu kutoka nje. Akanishika mkono, akanivuta kuelekea mahabusu. Mzee Anakleti alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Chekeni tu. Na mimi nilicheka, siku nyingi baadaye. Lakini iko siku hilo "mimi" lilitaka kunitoa roho, na ndiyo hiyo nimewaitia.

Kwanza nikumbushe jambo mnalolijua, ambalo mtu wa Mbarara halijui. Hapa kwetu simu tunachajia kibandani, kwenye sola ya Mama Jozefina. Simu zinarundikana pale mezani, zote nyeusi, zote zimepasuka kioo, nyingi zimenunuliwa kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Risiti nani anayo? Kwa hiyo ukienda kuchukua yako, Mama Jozefina anakuambia fungua picha. Akiona uso wako au wa mtu wako, anakupa. Uso ndiyo tiketi. Hata mtoto mdogo wa Nakivale anajua hivyo.

Sasa kulikuwa na Fideli, Mrundi, jirani yangu wa nyuma ya kanisa. Mpole, mwenye mikono mikubwa. Shamba lilipokuwa halitoshi alikwenda Kakoba, pale Mbarara mjini, kupakia matoke kwenye magari ya Kampala, akalala huko, akarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mke wake Esperansi alibaki na watoto na nyanya zake za kuuza. Wamefunga ndoa kanisani, mimi mwenyewe niliimba kwenye kwaya siku hiyo. Huko Kakoba mtu akamchomoa Fideli simu mfukoni. Baadaye polisi wakamkamata mwizi akiwa na mfuko mzima wa simu, wakatangaza sokoni, wenye simu njooni mzitambue.

Fideli akaenda, amefurahi. Simu zimepangwa mezani. Akaonyesha yake. Afande wa upelelezi akamwuliza, utathibitisha aje kama hii ni yako? Na Fideli akajibu kama anavyomjibu Mama Jozefina. Akaifungua, akasema, "Angalia picha, utaona mke wangu."

Picha ya kwanza Esperansi na gauni la harusi. Ya pili baba yake Fideli, aliyebaki Burundi akafia huko. Ya tatu mtoto wao wa kwanza anacheka hana meno. Hapo ilitosha. Mama Jozefina angekuwa ameshampa simu. Lakini kidole cha afande hakikusimama. Kikaenda mbele, kikaenda mbele, kikafika kwenye video ambayo watu wale wawili walijipiga wenyewe, nyumbani kwao, mlango umefungwa.

Askari wengine walikuwa wamesimama nyuma ya afande. Wakaona. Mmoja akapiga mluzi. Na hapo, wanangu, mtu aliyekuja kulalamika kwamba ameibiwa akavuliwa mkanda na viatu, na mwizi wake akamsogezea nafasi mahabusu.

Sheria ile ya picha chafu wakati ule ilikuwa na nguvu zake zote. Wengine wenu mlikuwa bado watoto. Watu waliijua kama sheria ya sketi fupi, wanawake walivuliwa nguo mitaani na vijana wasiojua hata kusoma jina la hiyo sheria. Kwamba inaingia mpaka ndani ya simu ya mume na mke, hilo kwetu hakuna aliyelijua.

Kituo chenyewe sikitaji, na huyo afande nitamwita Afande tu. Alikuwa mtu mzima, anaelekea kustaafu, suruali imepigwa pasi. Hakuwa mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, ningejua pa kumweka. Alinipigia simu, "Mama, kuja. Iko mtu ya kambi hapa, nataka maelezo yake kwa lugha ya kwao." Kiswahili cha sokoni Fideli alikuwa nacho, lakini maelezo ya polisi yanachukuliwa kwa lugha ambayo mtu aliota nayo ndoto utotoni, na ya Fideli ni Kirundi.

Nikaingia, nikaweka kiti pembeni. Fideli aliponiona akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mimi ni wa umri wa mama yake. Kwetu mambo haya humtajii mtu wa umri huo hata akiwa anakufa.

Afande akasoma sheria kabla ya kuanza, na mimi nikaitafsiri. Nimetafsiri sheria nyingi. Ya mifugo ina mipaka, ya ardhi ina mipaka, unajua ng'ombe anaanzia wapi na anaishia wapi. Hii ilikuwa "yoyote" juu ya "yoyote". Onyesho lolote, kwa njia yoyote, la tendo, la kweli au la kuigiza, au sehemu za mwili, kwa nia ya kuamsha tamaa. Nikawa naitafsiri huku najiuliza, tamaa ya nani? Na nani ataipima? Lakini maswali yangu hayakuwa na kiti mle ndani.

Fideli akauliza, "Hata mke wangu wa ndoa?"

"Sheria hapana sema mke, hapana sema malaya," Afande akajibu. "Inasema picha. Sasa ambia mimi. Hii nani alipiga?"

"Mimi."

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Mke wangu."

"Yeye nakubali?"

Mahabusu ni shule, na huko walikuwa wameshamfundisha Fideli: ukisema mke alikubali, naye ni mtuhumiwa, ataletwa alale humu. Akasema kwa Kirundi, na mimi nikasema kwa Kiswahili, "Hakukubali. Hakujua. Nilificha simu."

Afande akaweka kalamu chini. "Mama, ambia yeye mimi niliangalia. Hii simu inatembea. Mara iko huku, mara iko kule, mara inacheka. Simu ya kujificha inatembea?"

Nikatafsiri. Fideli akarudia, nilificha.

"Sawa," Afande akasema, safari hii kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko yote. "Kama hakujua, basi huyu alifanyia bibi yake kitu mbaya sana, hiyo kesi ni kubwa kuliko hii. Kama alijua, basi wako wawili. Mimi nachagua nini? Mimi hapana chagua. Bibi atakuja achague."

Niliporudi Nakivale jioni ile nilipita njia ya juu ili nisipite mbele ya mlango wa Esperansi. Alikuwa amekwishaitwa. Kesho yake aliwasili kituoni na mtoto mchanga mgongoni na shati safi la mumewe mkononi, alilokunja vizuri. Tukakaa kwenye benchi la korido. Akanisogelea.

"Mama, Fideli alisema nini?"

Nilijua alichosema, kwa sababu kilipita mdomoni mwangu. Na nilijua akijua, ataweza kusema hivyo hivyo, maneno yao yatalingana, na yeye atarudi kwa watoto wake wakati mume anapelekwa gereza la miaka. Na asipojua anaweza kusema kweli, waende wote wawili. Watoto watatu nyumbani, mkubwa hajaweza hata kuinua dumu la maji.

"Nimekatazwa," nikamwambia.

"Wewe ni mama yetu au ni wa polisi?"

"Humu ndani ni wa pembeni."

Akanitazama, akaondoa goti lake lililokuwa limegusa langu. Mambo mengi nimetukanwa katika kazi hii, na mengine kwa lugha tatu mfululizo. Lile goti lilinichoma zaidi.

Mtaniuliza, kwa nini usimnong'oneze? Mmoja wenu tayari ananiangalia hivyo. Basi sikiliza. Mkalimani akinong'oneza leo kwa huruma, kesho atanong'oneza kwa shilingi, na kesho kutwa hakuna Mrundi wala Mkongomani ambaye neno lake litaaminiwa tena kwenye meza ile. Hivyo alinifundisha Anakleti na hivyo nilifanya. Lakini msidhani nilikuwa nimetulia.

Mle ndani Afande akasoma tena ile sheria. Esperansi alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei, akitafuta pa kupunguza. Akauliza, kosa ni kuipiga, au kuwa nayo, au kuwa ndani yake? Afande akafunua karatasi. "Yote. Kutengeneza, kuweka, kusambaza, kushiriki." Akauliza tena, na kama mtu aliniomba na mimi nikampa kwa hiari yangu? Afande akasema kwenye karatasi hakuna kitu kama hiyo.

"Sasa nyabo. Wewe nakubali, au hapana nakubali?"

Esperansi akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani hapo ndipo aliliona shimo, pande zote mbili. Mtoto akaanza kulia, yeye akatoa ziwa akamnyonyesha pale pale, na Afande akaendelea kunoa penseli yake bila hata kugeuza uso, maana hiyo kwake haikuwa picha ya kitu chochote. Tulikaa hivyo mpaka mtoto akashiba. Swali likarudiwa. Akamfuta mtoto mdomo.

"Sawa," Afande akasema. "Simu itajibu."

Akaitoa kwenye bahasha. Akaniambia kwenye video kuna maneno ya Kirundi. Mimi niitazame, nimweleze wanasema nini, maana kwenye maneno hayo itajulikana mwanamke alikubali au alilazimishwa.

Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Kongo, "Afande, mimi baliniajiri masikio. Macho yangu hayamo mu kazi hii."

"Mama, hapana leta siasa."

"Haiko siasa. Huyu ni mutoto wangu wa kanisani, ameketi hapa. Laza simu kifudifudi, nitasikia, nitasema yote."

Akafikiri. Nje ya dirisha kulikuwa na askari wawili ambao ghafla walikuwa na kazi ya kufagia mahali pasipo na uchafu. Afande akaenda akafunga dirisha. Akarudi, akailaza simu kifudifudi juu ya meza, akabonyeza pembeni. Esperansi akajifunika kitenge usoni, yeye na mtoto.

Sasa niwaambie kilichokuwa kichwani mwangu, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nilikuwa na njia tatu. Nikisema mwanamke anakataa, neno moja tu, "oya", Esperansi anaokoka na Fideli anazama. Nikisema nasikia vibaya, sikio, uzee, wataniacha, watatafuta kijana mwingine wa kutafsiri, na kabla ya jua kuzama Base Camp yote, hapa hapa kambini, itakuwa inajua sauti ya Esperansi ikoje. Na nikisema kilichomo, wanazama wote. Nikaomba Mungu kwa Kifuliru, lugha ya mama yangu, ambayo hakuna mtu mle ndani angeisikia. Kisha nikaanza.

Ya kwanza ilikuwa sauti ya mwanamke. "Shika vizuri," nikasema. "Unatetemeka."

Ya mwanamume. "Sitetemeki. Mkono umechoka na matoke."

Kicheko. Nikasema, "Hapa wanacheka, wote wawili."

"Umekonda," nikasema. "Kwani huko Kakoba huli?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Usiniulize chakula saa hii."

Afande alikuwa anaandika. Niliona kalamu inakimbia, kisha inapunguza mwendo. Mimi mjane, mwimbaji wa sauti ya pili, nimevaa rozari shingoni, natamka mambo ya chumbani ya watu mbele ya mwanamume wa serikali, na kila neno nasema mimi, mimi. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Sikuruka hata moja. Kulikuwa na mengine hapo ambayo siwatajii nyinyi, lakini Afande nilimtajia.

Halafu ikasikika mvua, juu ya mabati. Mwanamke akasema, "Ngoja, ngoja. Niweke sufuria." Hatua. Kisha tone, tii, tii, ndani ya sufuria. Nikasema, "Anaweka sufuria, afande. Nyumba inavuja."

"Mwezi ujao nikirudi nitaliziba hili bati," nikasema, kwa sauti ya Fideli.

"Ulisema hivyo mwezi uliopita."

"Safari hii nitaliziba."

Mvua peke yake. Kisha sauti ya mwanamke ikarudi, karibu zaidi, na sikio langu hata lile la kushoto likaisikia yote. Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Nikasema, "Piga picha. Mimi ndiye nimetaka. Huko mjini ukikaa peke yako usitazame wengine. Unitazame mimi."

Niliposema hivyo nilimkumbuka marehemu baba Faida, ambaye hatukuacha hata picha moja tumesimama pamoja, na nikaona wivu. Nawaambia wazi. Katika chumba kile cha polisi, na woga wote ule, niliwaonea wivu watu wale.

Afande akabonyeza, ikanyamaza. Akaiacha simu pale pale kifudifudi. Kalamu ilikuwa imesimama. Alichokuwa anakitafuta amekipata, alikubali, ni yeye mwenyewe alitaka, na kwa karatasi yake wao sasa ni wawili. Akasugua macho. Kisha akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote.

"Mama, uliza yeye. Hiyo bati, bwana alitengeneza?"

Nikauliza. Esperansi akaondoa kitenge usoni. Ndiyo mara ya kwanza alijibu swali mle ndani. Akasema, na mimi nikasema, "Bado, afande. Mmemfunga."

Mnataka niwaambie Afande akachana karatasi, akawaachia, tukarudi tukiimba. Hapana. Wenzake walikuwa wameona ile video. Akiwaachia, watasema amekula hongo, na yeye pensheni yake iko mlangoni. Aliniambia hivyo mwenyewe koridoni, bila mimi kumwuliza. Aliwaandika wote wawili. Lakini aliniita tena, tukaandika tafsiri yangu nzima, na sufuria, na bati, na matoke, ingawa mkubwa wake alitaka kipande kile cha mwisho tu. Akaiweka ndani ya faili, faili likaenda Kamukuzi kwa wanasheria wa serikali. Wao wakapewa dhamana ya polisi, waende nyumbani, wawe wanaripoti.

Huko kuripoti ndiko kulikowamaliza. Kila mara walipoitwa, Esperansi alikuwa anapika chakula cha siku mbili, anawaambia watoto wasiporudi waende kwangu, na anafunga nguo zake kwenye kitambaa. Anarudi, anafungua kitambaa. Tena wanaitwa, anafunga. Fideli aliacha Kakoba, nani atampa kazi mtu ambaye askari wa sokoni wanampigia mluzi? Sokoni kwetu watu walikuwa wananunua nyanya kwa wengine. Wengine walikuja kununua kwake makusudi, wamtazame usoni, na hao ndio aliowachukia zaidi. Hata padri alimwita, akamwuliza kwa upole kama anajuta. Akajibu anajuta kupoteza simu.

Mwishowe faili likarudi. Mwanasheria mmoja wa Kamukuzi aliandika kwamba amesoma yote na hakuona mlalamikaji. Watu wawili wazima, wa ndoa, ndani kwao, na aliyetendewa ubaya hayupo. Sijui kama ni ile sufuria. Napenda kudhani hivyo, lakini kazi hii haimlipi mtu kwa kudhani. Miaka ya baadaye nilisikia majaji kule Kampala nao walisema maneno ya sheria ile yalikuwa mapana mno, wakavifuta vile vifungu. Mtu alipokuja kunipa habari hiyo nilikuwa napalilia. Nilimwambia asante, nikaendelea kupalilia.

Siku ya kurudishiwa simu niliitwa kwa mara ya mwisho. Mle ndani kulikuwa na Afande, askari wengine wawili, na wao mume na mke wamesimama bega kwa bega. Simu ikatolewa kwenye bahasha, ikawekwa mezani, na Afande, kwa mazoea tu ya kazi, nina hakika ni mazoea, akauliza, "Mtathibitisha aje kama hii ni yenu?"

Mmoja wa wale askari akageuka ukutani mabega yakimcheza. Fideli akafungua mdomo. Nikaona jibu la Mama Jozefina linamjia, nikaona anakumbuka, nikaona linakufa pale pale.

Nikatafsiri swali, kwa sababu ndiyo kazi.

Esperansi akasogea. Akachukua simu, akafungua mgongo wake kwa ukucha, akatoa memori, kile kitu kidogo cheusi. Akakiweka kwenye meno ya upande akauma. Kilipasuka kwa sauti ndogo, kavu. Akatema vipande kiganjani, akavifunga kwenye ncha ya kitenge. Kisha akasema, na mimi nikasema, "Sasa iwasheni. Hamna mtu ndani."

Hakuna aliyeiwasha. Afande akasema wachukue.

Tulipofika nje, karibu na geti, Fideli akasimama. Akauliza taratibu kama mtu anayeogopa jibu, "Na baba?"

Kila kitu kilikuwa kwenye memori ile. Gauni la harusi. Mtoto asiye na meno. Baba yake, aliyekufa Burundi, ambaye hakuwa na picha nyingine popote duniani.

"Na baba," Esperansi akasema. Wakaendelea kutembea.

Bati alilitengeneza, wiki ile ile. Niliona mwenyewe, alipanda na kipande cha turubai na misumari ya kuazima. Wako hapa hapa, nyuma ya kanisa, mnawajua, mnanunua nyanya kwao. Simu ile bado wanayo. Ukienda kibandani kwa Mama Jozefina utaiona, imefungwa uzi wa kitenge chekundu shingoni, maana ndani haina uso wa mtu. Mama Jozefina hawaambii wafungue picha. Anatazama uzi, anawapa.

Na juzi mtoto wao mkubwa alipopata komunyo ya kwanza, mpiga picha alikuja parokiani, familia zikapangwa kwenye ngazi. Picha hiyo imetundikwa kwao ukutani, nendeni mkaione. Fideli yumo, amevaa koti la kuazima. Watoto wote wamo. Juu ya bega la yule wa komunyo kuna mkono wa mwanamke. Mwenyewe alisogea pembeni.